Kichezeo, Pumbao na Bandia: Neno la Kiingereza 'Toy' Mbele ya Mfasiri wa Kiswahili

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yanayodhaniwa kuwa hayana ugumu wowote kwa mfasiri, 'toy' huenda ndilo linalodanganya zaidi. Ni neno la herufi tatu na silabi moja. Mtoto wa Nairobi au Kisumu hulijua kabla hajajua kuandika jina lake, na kamusi ya wanafunzi humaliza kazi kwa neno moja tu: kichezeo. Mwanafunzi huandika, mwalimu hutia alama ya vema, na somo huendelea. Ugumu hujitokeza pale matini inapokuwa ya fasihi, hasa tamthilia au utungo wa kale, ambapo 'toy' moja huwa ni upuuzi, nyingine ni mtu, nyingine ni kitendo, na nyingine, kwenye kurasa za magazeti, ni silaha mkononi mwa mwizi. Hapo ndipo inapobainika kwamba Kiswahili kimeigawa dhana hii katika maneno kadhaa ambayo hayawezi kubadilishana nafasi bila hasara.

Historia ya neno katika lugha yake yenyewe yatosha kumtahadharisha mfasiri. Wanaisimu hawajakubaliana kuhusu asili yake. Wapo wanaolihusisha na neno la Kiholanzi 'tuig', yaani chombo au zana, ambalo limo pia ndani ya jina la Kiholanzi la kitu cha kuchezea, kama vile Kijerumani nacho kisemavyo 'Spielzeug'. Hata hivyo, katika Kiingereza neno halikuanza na zana wala na mtoto. Mwanzoni mwa karne ya 14 linatokea katika utungo wa Robert Mannyng unaohusu dhambi, na maana yake hapo ni mchezo wa kimapenzi baina ya watu wazima. Kufikia karne ya 16 limeenea kwa maana za mzaha, kioja, wazo la ghafla lisilo na msingi, hadithi ya kubuni na pambo la bei ndogo. Maana ya kitu anachochezea mtoto inashika mizizi mwishoni mwa karne hiyo, na kwa muda mrefu inabaki kuwa moja tu miongoni mwa nyingi. Mtoto, basi, alirithishwa neno ambalo wakubwa walikuwa wamekwisha kulitumia kwa mambo waliyoyadharau, na dharau hiyo haijalitoka neno hadi leo.

Fasihi yenyewe haikusalimika. Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu ndoto ya usiku wa kiangazi, Mtawala Theseus anapoambiwa visa vya wapenzi waliopotea msituni anavikataa kwa kuviita hadithi za kale na 'toys' za majini, kisha anawaweka mshairi, mwenda wazimu na mpenzi katika fungu moja. Francis Bacon naye, katika insha yake kuhusu maonyesho ya ikulu iliyotoka katika toleo la 1625, anaanza kwa kuyaita maonyesho hayo 'toys' na kama kuomba radhi kwa kuyaingiza kati ya mada nzito. Mara anaendelea kueleza kwa makini makubwa ni rangi zipi zinazopendeza kwa mwanga wa mishumaa na sauti zipi zikae wapi. Msomaji yeyote aliyewahi kusikia profesa wa taaluma nyingine akiuliza fasihi ina faida gani atalitambua pozi hilo: dharau mlangoni, hamu chumbani.

Mfano mgumu kuliko yote kwa mfasiri umo katika Macbeth. Mauaji ya Mfalme Duncan yamekwisha kugunduliwa. Macbeth, ambaye ndiye muuaji, asema mbele ya wenzake kwamba laiti angalikufa saa moja kabla ya tukio hilo maisha yake yangalikuwa ya heri, kwani tangu sasa hakuna tena jambo lenye uzito chini ya jua. Yote ni 'toys'. Kauli hii ni ya unafiki, kwa kuwa inakusudiwa kuwahadaa wasikilizaji wake. Wakati huo huo ni ya kweli kuliko msemaji anavyojua, kwa kuwa matendo yake yatakayofuata yataithibitisha neno kwa neno. S. S. Mushi, ambaye tafsiri yake ya tamthilia hii ilitolewa mwaka 1968 kwa jina la Makbeth, hakuweza kulikwepa pengo hili, wala hatalikwepa yeyote atakayejaribu baada yake. Akiandika 'vichezeo', hadhira itaona vigari na vitoto vya matambara jukwaani, na pengine mtu wa nyuma atacheka. Akiandika 'upuuzi', amepata dharau lakini ameipoteza picha ya kitu kidogo kishikwacho mkononi. Akiandika 'mchezo', amekaribia, maana Kiswahili husema 'ni mchezo tu' kwa jambo lisilo na uzito. Ila katika ukumbi wa tamthilia neno 'mchezo' lina kazi nyingine tayari, na mhusika asemaye kuwa yote ni mchezo ataonekana anaizungumzia tamthilia yenyewe. Maana hiyo inavutia, lakini si hiyo aliyoikusudia Macbeth mahali hapo.

Lipo neno la nne ambalo wafasiri hulisahau: pumbao. Kwenye mzizi wake zimejengwa pumbaa, pumbaza, pumbazo, na pia mpumbavu na upumbavu. Mama mwenye kazi jikoni humpa mtoto anayelia shada la funguo ili kumpumbaza. Funguo hizo kwa saa hiyo ni pumbao. Kitenzi kicho hicho, kikihamishiwa kwa watu wazima, ni kumtia mtu ujinga, kumsahaulisha lililo muhimu, kama wanasiasa wanavyosemwa kuwapumbaza raia kwa ahadi. Neno hili limebeba vitu vyote viwili ambavyo 'toy' ya Shakespeare ilivibeba, yaani kitu cha kumliwaza mtoto na upuuzi unaompofusha mtu mzima, na limevibeba kwa mzizi mmoja, bila kulazimishwa. Kasoro yake ni kwamba halina makali ya silabi moja. Mwigizaji wa Kiingereza hulitema neno lake, ilhali wa Kiswahili itambidi alivute. Hasara hiyo ni ndogo kuliko ya vigari jukwaani.

Katika Hamlet hali ni nyingine. Laertes amwonya dada yake Ophelia asiyatie maanani mapenzi ya mwanamfalme, kwani ni desturi ya kupita na 'toy' ya damu changa. Hapa 'pumbao' linafaa kwa kiasi, lakini linamwondolea Hamlet hatia kidogo, kwa sababu pumbao humpumbaza yule aliye nalo: Hamlet ndiye angeonekana amepumbazwa. Laertes anakusudia kinyume, kwamba atakayeumia ni dadake. Kiswahili kingelisema jambo hilo kwa kitenzi, si kwa nomino: anakuchezea.

Na kwa hakika uzito wa suala zima umo katika kitenzi hicho. Kichezeo chenyewe kimetokana nacho. Kauli ya kutendea ya 'cheza' ni 'chezea', na kwa kukipachika kiambishi cha ki- mwanzoni na kiishio cha -o hupatikana chombo cha kufanyia tendo, kwa utaratibu ule ule unaozaa kifutio, kifungio na kikalio. Kisarufi, basi, kichezeo kimepangwa kwenye safu ya zana za kazi, jirani na kifutio cha ubao. Waholanzi na Wajerumani, waliokiita chombo cha mchezo, wangeuelewa mpango huo mara moja. Mwingereza hana mpango huo. Neno lake halisemi chochote kuhusu kitendo, na kwa sababu hiyo limekuwa jepesi kutupwa huku na huko.

Mfano wa kutupwatupwa huko ni matumizi ya kila siku. Mwingereza anayeligeuzageuza wazo akilini bila ya kulishika kwa dhati husema ana-'toy' nalo. Anayechokoachokoa chakula kwa uma bila kula, pia. Anayeshikashika kalamu mezani, pia. Anayempa mtu matumaini ya mapenzi asiyoyakusudia, pia. Vitendo vinne, neno moja, na hukumu juu yake ni nyepesi. Magazeti ya Kiswahili ya Kenya, kwa kufasiri habari kwa haraka, huandika mara kwa mara kwamba mbunge fulani 'anachezea wazo' la kuwania ugavana. Sentensi hiyo haisomeki vizuri, na sababu yake yafaa ielezwe. Katika Kiswahili kuchezea kitu ni kukitendea isivyostahili. Chakula hakichezewi, mtoto hukanywa, na kanyo lenyewe lina sauti ya dini ndani yake. Moto hauchezewi. Serikali haichezewi, ndivyo serikali zenyewe zipendavyo kusema. 'Usinichezee' ni onyo la mwisho kabla ya ngumi. Mbunge anayechezea wazo, kwa Kiswahili cha mtu aliyelelewa nacho, analitukana wazo hilo. Kilichokusudiwa ni kwamba anajipima, au wazo linamzunguka kichwani, au bado anapiga bongo.

Tofauti nyingine imejificha katika kihusishi kidogo. Kucheza na mtu si kumchezea mtu. 'Na' huleta ushirika: wawili wako sawa, mchezo ni wao. Kauli ya kutendea huondoa ushirika huo na kumgeuza mmoja kuwa uwanja au chombo. Methali isemayo 'mcheza na tope humrukia' imechagua 'na' kwa hekima, kwani tope ndani yake si chombo bali ni mshiriki anayejibu. Na mtoto anayesemwa 'anacheza na mwanasesere wake' amepewa mwenzi, ilhali anayesemwa 'anamchezea mwanasesere' yuko karibu kumng'oa mkono.

Hatua inayofuata ndiyo inayowahusu wahakiki moja kwa moja. Uhakiki wa kifeministi ulipoingia katika idara za Kiswahili, uliingia na istiari ya Kiingereza ya mwanamke kama 'toy' ya mwanamume, na tasnifu nyingi zimemwita mhusika huyu au yule 'kichezeo cha wanaume'. Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), ndiye aliyebandikwa jina hili mara nyingi zaidi. Matumizi hayo yana nia njema, lakini yanaficha zaidi ya yanavyofunua. Nomino humfunga mhusika katika hali: yeye ni kitu, ni cha KI-VI, na aliyemfanya hivyo ameachwa nje ya sentensi. Wazungumzaji wa Kiswahili walikuwa tayari wana namna yao ya kulisema jambo hilo, nayo ni kauli ya kutendewa: amechezewa. Msichana aliyechezewa amechezewa na mtu. Ile 'na' haitamkwi kila mara, lakini nafasi yake iko wazi, na masikio ya msikilizaji huingoja. Ni nani?

Ukiisoma riwaya ya Kezilahabi kwa swali hilo, majibu huwa mengi na hayalingani. Zakaria, baba mtu, alimpiga Rosa vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, akamlea katika hofu ya wanaume bila ya kumfundisha chochote kuwahusu. Wanaume wa baadaye walimtumia. Na kuna vipindi ambapo Rosa mwenyewe ndiye anayecheza, kwa hiari na hata kwa ushindi, mpaka mambo yanapomgeukia na kumfikisha kwenye kujiua. Kumwita kichezeo ni kuvifuta vipindi hivyo. Ni kumnyima kosa lake, na pamoja na kosa hilo ubinadamu ambao mwandishi alihangaika kumpa. Ni kumwachilia Zakaria pia, kwa kuwa hakuna anayemuuliza fundi wa kichezeo maswali. Kitenzi kingeruhusu yote: alichezewa, alicheza, alijichezea. Katika hali hii sarufi ya Kiswahili ni mhakiki bora kuliko istiari iliyoazimwa, na si vigumu kuwaonyesha wanafunzi hivyo kwa kuwataka waandike upya aya moja ya tasnifu zao bila ya nomino hiyo. Aya huwa ndefu zaidi. Wahusika huongezeka.

Istiari ya Kiingereza, hata hivyo, haibagui jinsia. Tangu miaka ya 1980 Waingereza wamemwita kijana anayetunzwa na mwanamke aliyemzidi umri 'toy boy', kwa kibwagizo cha vokali kinacholifanya tusi lichekeshe. Jirani zetu wa Tanzania, na vijana wa mijini Kenya pia, hawakulifasiri neno hilo. Walimwita kijana huyo kibenten, kutokana na Ben 10, mhusika wa katuni ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2005 na ambaye sanamu zake huuzwa madukani kwa watoto. Barabara ya mtaani ilifika kwenye kitu cha kuchezea kwa njia yake, na kwa kukitia ki- ya udogo ikamaliza kazi. Afadhali uvumbuzi huu kuliko 'mvulana kichezeo', ambalo limewahi kupendekezwa kwa uzito wote na watu wasiotoka nje ya kamusi. Na maadamu lugha ya mtaani imetajwa, mtoi wa Sheng', yaani mtoto, asidhaniwe kuwa amezaliwa na 'toy'. Ni mtoto yule yule, amekatwa mkia na kuvishwa -i, kama Sheng' inavyozoea kufanya. Kufanana huko ni sadfa, ingawa ni sadfa ya kupendeza.

Mwanasesere amekwisha kutajwa, naye anastahili nafasi yake. Jina hili halimo katika ngeli ya KI-VI. Limeanza na mwana, na upatanisho wake ni wa A-WA: mwanasesere huyu amelala, wanasesere wangu wameibwa. Kiingereza humpa mwanasesere kiwakilishi cha vitu; Kiswahili humpa cha watu, na mtoto wa miaka mitatu anayejifunza lugha hujifunza wakati ule ule kwamba mfuko wake wa matambara una haki za kisarufi sawa na za nyanya yake. Jambo hili lina matokeo kwa yeyote anayetaka kumfasiri Ibsen. Tamthilia ya mwaka 1879, ambayo kwa Kinorwe jina lake ni Et dukkehjem, inafikia kilele pale Nora anapomwambia mumewe kwamba alikuwa mwanasesere wa baba yake utotoni na sasa ni mwanasesere wa mume, na kwamba watoto wake nao wamekuwa wanasesere wake yeye. Ukitia 'kichezeo' mahali pote hapo, hoja ya Nora inakuwa ya malalamiko: nilikuwa kitu. Ukitia 'mwanasesere', sarufi inafanya kazi ambayo hata Kinorwe hakiwezi kuifanya. Kila kitenzi kinachomfuata mwanasesere ni cha mtu: amevishwa, amesifiwa, amechezeshwa. Upatanisho wamkubali, matendo yamkana. Nora hakuwa kitu. Alikuwa mtu wa kisarufi tu.

Hapa msomaji wa fasihi ya pwani atakumbuka kwamba picha ya mtu mzima anayetunzwa kama mtoto si ngeni. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, mama ampa bintiye wosia wa kumtunza mume kama mtoto mchanga ambaye bado hajaweza kusema. Kwa muda mrefu utendi huo umesomwa kama mwongozo wa utiifu, na sehemu kubwa yake ndivyo ilivyo. Lakini wosia huo unamweka mume, si mke, katika nafasi ya mtoto wa kuliwazwa. Anayeliwaza ndiye anayejua kinachoendelea nyumbani. Ibsen hakuifikiria nyumba ambamo mwanasesere ni Torvald. Mwana Kupona, akiwa kitandani na maradhi yake, alikuwa karibu sana na fikra hiyo miaka 21 kabla.

Lililo la ajabu kuliko yote ni bandia. Kwa mzungumzaji wa leo neno hili ni kivumishi cha ulaghai: noti bandia, vyeti bandia, dawa bandia, daktari bandia. Wachache wanakumbuka kwamba kamusi za Kiswahili zimeliorodhesha pia kwa maana ya mwanasesere, na kwamba 'mtoto wa bandia' alikuwa mtoto wa kuchezea kabla hajawa mtoto wa kughushi. Mguu wa bandia na meno ya bandia vinasimama katikati ya njia: si vya asili, lakini havimlaghai mtu. Safari hii ya maana inakwenda upande mwingine kabisa na ile ya Kiingereza. 'Toy' ilitoka kwenye upuuzi wa wakubwa ikaishia kwa mtoto. Bandia, kwa jinsi maana zake zinavyopangana, yaelekea ilitoka kwa mtoto ikaishia kituo cha polisi. Mwingereza alishuku kwamba kitu cha kuchezea hakina thamani; Mswahili alishuku kwamba hakina ukweli.

Tofauti hiyo si ya kinadharia tu. Mwizi akikamatwa Nairobi na kitu chenye umbo la bastola kisichoweza kufyatua risasi, gazeti la Kiingereza huandika 'toy pistol', na la Kiswahili huandika 'bastola bandia'. Msomaji wa kwanza hujikuta karibu na tabasamu: mtu mzima na mdoli wa chuma. Msomaji wa pili hana la kutabasamia, maana neno lenyewe limekwisha kumtia mshtakiwa katika kundi la wenye kughushi noti. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, iko upande wa Kiswahili: kutumia silaha ya kuiga kwa nia ya kutenda jinai ni kosa, na umbo la kitu ndilo linaloangaliwa, si uwezo wake wa kufyatua. Kama bastola hiyo hiyo ingelikuwa mkononi mwa mtoto wa miaka sita, Kiswahili kingebadilisha usemi mara moja na kuiita 'bastola ya kuchezea'. Kiingereza kina neno moja kwa mikono yote miwili.

Usemi huu wa 'ya kuchezea' ndio ulio hai zaidi katika mazungumzo kuliko kichezeo, neno ambalo, ukweli usemwe, huishi zaidi vitabuni. Watu husema gari la kuchezea, bunduki ya kuchezea, simu ya kuchezea. Au hutaja kitu chenyewe: tiara, pia, gololi, bembea, manati, mpira wa makaratasi. Kila kimoja kina jina, na hakuna anayeona haja ya kuvikusanya chini ya jina moja isipokuwa mwenye duka na mwenye kamusi. Mwenye duka ana sababu zake. Katika karne ya 18 mafundi wa Birmingham walioitwa watengenezaji wa 'toys' hawakuwa na shughuli na watoto; Matthew Boulton na wenzake walitengeneza vifungo, bizimu za viatu, visanduku vya ugoro na vikorokoro vingine vya chuma, na ni kwa vitu hivyo Edmund Burke aliuita mji huo duka kuu la 'toys' la Ulaya. Jina la jumla lilikuwa jina la biashara. Limebaki hivyo: rafu moja ya duka kubwa, kibao kimoja juu yake.

Roland Barthes, katika insha fupi ya kitabu chake cha 1957 kuhusu visasili vya siku zake, alilalamika kwamba vitu vya kuchezea vya Kifaransa ni dunia ya wakubwa iliyopunguzwa kimo: jeshi, posta, hospitali. Mtoto anayepewa vitu hivyo, alisema, hujifunza kumiliki na kutumia, hajifunzi kuumba. Na plastiki ilipochukua mahali pa mti, hata mguso ulikufa. Malalamiko hayo yamenukuliwa mno katika semina za Afrika Mashariki, na mara nyingi bila ya kuyapima. Mtoto wa kijijini Kakamega au Kitui hakungoja Barthes. Lori lake lilikuwa mkebe wa Kimbo au pakiti ya maziwa, ekseli zake ni waya, magurudumu yamekatwa kwenye soli ya ndara iliyochakaa, na usukani ni fimbo ndefu ili dereva aweze kukimbia wima nyuma ya gari lake. Malawi gari la namna hiyo huitwa galimoto, na kitabu cha watoto cha Karen Lynn Williams chenye jina hilo kilichotoka mwaka 1990 kinasimulia siku moja ya mvulana anayetafuta waya wa kutosha. Lakini hata lori la Kimbo ni dunia ya wakubwa iliyopunguzwa kimo, tena kwa usahihi zaidi kuliko la dukani, kwa kuwa fundi wake ameliangalia lori la kweli likipita na kuhesabu magurudumu. Kuiga na kuumba hapo havikugombana. Barthes alivitenga kwa sababu aliwatazama watoto wanaonunuliwa.

Mali ghafi ya ufundi huo imebadilika. Mifuko ya plastiki, iliyokuwa moyo wa mpira wa kamba vijijini na mitaani, ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na hakuna haja ya kuililia, ila haikuandikwa popote kwamba marufuku hiyo ilikuwa pia habari ya michezo. Mtaala wa Umilisi nao, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini nchini kote mwaka 2019, umeyaingiza magari ya waya, wanasesere wa matambara na mipira ya makaratasi katika kazi za darasani. Nia ilikuwa kuuenzi ufundi wa mtoto. Kilichosikika mara kwa mara ni vilio vya wazazi waliokesha wakikata maboksi na kushona matambara ili mtoto apate kitu cha kupeleka shuleni asubuhi. Gari limetengenezwa na mtu mzima, limepewa alama na mtu mzima, na limewekwa juu ya kabati la darasa lisiguswe. Kiswahili kitaliita nini? Si kichezeo, maana halichezewi. Pumbao pia silo. Bandia, katika maana zake zote mbili, linakaribia.

Mvulana aliyelitengeneza la kwake mwenyewe kando ya barabara hahitaji lolote kati ya maneno hayo. Ukimsimamisha na kumuuliza ana nini, atasema ana Isuzu. Ukiuliza zaidi atakuonyesha mahali breki zilipo, na kwamba gurudumu la nyuma kushoto lina kasoro na litabadilishwa jioni. 'La kuchezea' ni nyongeza ya aliyeuliza.